Heshi, saini na muhuri wa muda kwenye faili la malipo la kufunga siku: nani ashike nini ili rekodi iaminike?

Mlipaji_DSM aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, naomba mawazo ya waliokwisha kulishughulikia jambo hili kwa vitendo, hasa walio upande wa mifumo, ukaguzi na sheria.

Kampuni ninayofanyia kazi hukusanya malipo ya simu kwa niaba ya wafanyabiashara. Kila siku baada ya saa ya kufunga hesabu, tunaandaa faili linaloonyesha kila mfanyabiashara anastahili kulipwa kiasi gani baada ya kutolewa ada. Faili hilo huidhinishwa kwetu na watu wawili, hutumwa kwa SFTP (njia salama ya kutuma mafaili) hadi benki inayotushikia akaunti ya amana, na benki ndiyo inayogawa fedha: wenye akaunti hapo hapo huwekewa moja kwa moja, na walio benki nyingine hulipwa kupitia mifumo ya Benki Kuu ya malipo kati ya benki, TISS (ya kiasi kikubwa) au TIPS (ya papo hapo), kulingana na kiasi. Kisha benki huturudishia faili la majibu, nasi asubuhi yake tunalinganisha hesabu.

Miezi kadhaa iliyopita wafanyabiashara wawili walilipwa kiasi tofauti na kile tulichoidhinisha. Sisi tulitoa faili letu, benki ikatoa la kwake, na mistari hiyo miwili haikufanana. Hakuna aliyeweza kuonyesha faili lilibadilika wakati gani na likiwa mikononi mwa nani. Logi zetu zilisema faili lilitumwa, logi zao zikasema lilipokewa, lakini hakuna logi hata moja iliyosema ni faili lenye maudhui gani. Hatimaye hasara iligawanywa nusu kwa nusu, kwa sababu pande zote zilikuwa zimechoka kubishana.

Tangu hapo tumeongeza safu ya heshi kwenye jedwali la malipo, yaani alama fupi inayokokotolewa kutoka kwenye data na inayobadilika data ikiguswa. Kila mstari unakokotolewa alama kwa kanuni ya SHA-256, ambayo ndani yake imo alama ya mstari uliotangulia, hivyo ukigusa mmoja, yote inayofuata inagoma. Menejimenti inaona tatizo limekwisha. Mimi sijaridhika, ila sijui niwaeleze vipi. Papo hapo kuna mshauri wa nje anayetushawishi tuhamishie kila kitu kwenye blokicheni, ile leja ya pamoja ambayo kila mhusika hutunza nakala yake.

Naomba kujua mambo matatu. Je, mnyororo huu wa heshi ulio ndani ya kanzidata yetu unatosha? Ni katika hatua ipi hasa rekodi inapaswa kufungwa kwa saini ya kidijitali (inayowekwa kwa ufunguo wa siri wa mwenye kusaini), na saini hiyo iwe ya nani? Na ikifika mahakamani miaka sita baadaye, itasimama?

---

Funguo_Mbili alijibu:

Ndugu Mlipaji, wasiwasi wako una msingi, na nitaanza na swali lako la kwanza kwa sababu hapo ndipo taasisi nyingi hujidanganya.

Mnyororo wa heshi ulio ndani ya kanzidata yenu unamzuia mtu asiyeweza kuandika kwenye kanzidata hiyo. Haumzuii msimamizi wa kanzidata, wala mvamizi aliyeiba ruhusa zake. Mtu wa namna hiyo atabadilisha mstari autakao, ataandika programu fupi ya kukokotoa upya heshi zote kuanzia hapo hadi leo, na ndani ya dakika chache mnyororo utakuwa umenyooka tena kana kwamba haukuguswa. Heshi haina siri ndani yake, kwa hiyo yeyote mwenye data anaweza kuikokotoa. Mkiitoa mbele ya benki, nao watawauliza swali moja tu: nani mwingine aliiona heshi hiyo siku ile ile, kabla ya mgogoro?

Swali hilo lilipata jibu zamani kabla blokicheni haijasikika. Mwaka 1991 Stuart Haber na Scott Stornetta walichapisha njia ya kuipa hati ya kidijitali muhuri wa muda, yaani uthibitisho kwamba ilikuwapo wakati fulani, kwa kuunganisha heshi za hati zinazofuatana, na tangu mwaka 1995 kampuni yao ya Surety ikawa inachapisha kila wiki heshi moja ya jumla katika gazeti la The New York Times, kwenye kurasa za matangazo madogo. Ilikuwa mistari michache isiyo na maana kwa msomaji wa kawaida, lakini ili mtu abadilishe rekodi ya wiki ile angelazimika kukusanya magazeti yote yaliyokwisha kuuzwa na kukaa maktabani. Nguvu ya mpango wao ilitokana na ukweli kwamba heshi ilikuwa imeshatoka mikononi mwa aliyeitengeneza.

Kwa hiyo kwenu nashauri hivi. Kila siku mnapofunga hesabu, mistari yote ya faili ipangwe kwenye mti wa Merkle: heshi za mistari miwili miwili zinaunganishwa na kupigwa heshi tena, ngazi kwa ngazi, mpaka inabaki moja tu, yaani mzizi. Mzizi huo wa herufi 64 pamoja na mzizi wa siku iliyotangulia ndio mnaoutia saini na kuukabidhi nje: kwa benki yenyewe, kwa mkaguzi wenu wa nje, na ikiwezekana kwa mtoa huduma wa muhuri wa muda anayefuata itifaki ya RFC 3161 (RFC ni hati za kanuni za kiufundi za intaneti). Faida ya mti ni kwamba mfanyabiashara mmoja akigombana nanyi, hamlazimiki kumfungulia faili zima lenye hesabu za wenzake. Katika faili la mistari 200,000 mnampa mstari wake na heshi 18 tu za kupandia hadi kwenye mzizi, jumla ya baiti 576, naye anathibitisha mwenyewe.

Naomba pia menejimenti yenu isome tukio la Benki Kuu ya Bangladesh la Februari 2016. Wavamizi walioingia kwenye mfumo wa benki hiyo walituma kwa SWIFT, mtandao wa ujumbe kati ya benki duniani, maagizo 35 yenye thamani ya karibu dola milioni 951 kwenda Benki ya Akiba ya Shirikisho ya New York. Dola milioni 81 ziliishia Ufilipino, na dola milioni 20 zilizokwenda Sri Lanka zikarudishwa baada ya jina la mpokeaji kukutwa limekosewa tahajia. Watu hukumbuka tahajia. Mimi naona fundisho kwenu liko kwenye programu hasidi iliyotumika: ilifuta rekodi za ujumbe kwenye kanzidata ya ndani na kuvuruga uthibitisho uliokuwa ukichapwa na printa, ili wafanyakazi wasione kilichopita. Maagizo yalitoka kwa njia halali ya mfumo, kwa ruhusa halali zilizoibwa. Lau nakala pekee ya rekodi ingekuwa ile ya ndani, kusingekuwa na cha kulinganisha nacho. Palikuwapo cha kulinganisha kwa sababu upande wa pili, New York, ulikuwa na nakala yake.

---

MkaguziMvita alijibu:

Nakubaliana na Funguo_Mbili kuhusu kuutoa mzizi nje, lakini katika kisa cha Mlipaji naona mzizi wa mwisho wa siku ungekuja umechelewa. Nimekagua makampuni ya malipo hapa Kenya kwa muda, na mgogoro wa aina hii karibu kila mara huzaliwa kwenye makabidhiano, pale faili linapotoka kwa mmoja likawa bado halijawa la mwingine.

Hebu tulifuate faili lako. Mwidhinishaji wa pili anabonyeza kitufe. Mfumo unaandika faili kwenye folda ya kutoka. Programu nyingine inakuja kila baada ya dakika kadhaa kulichukua na kulituma. Linafika kwenye folda ya kupokelea ya benki. Programu ya benki inalisoma, inalibadilisha liwe katika umbo la mfumo wao, na kuligawa. SFTP inalilinda likiwa njiani tu. Ile folda ya kutoka, ambayo watumishi wa zamu ya usiku wana ruhusa ya kuifungua ili "kusaidia faili lililokwama", hailindwi na chochote, na folda ya kupokelea ya benki ni hivyo hivyo. Kwa hiyo saini iwekwe wakati wa kuidhinisha, ndani ya tendo lile lile la mwidhinishaji wa pili, wala isiwekwe na programu ya kutuma. Mkiacha programu ya kutuma ndiyo itie saini, mtakuwa mnatia saini kwa heshima zote faili lililokwisha chezewa ndani ya folda.

Upande wa pili, benki itoe stakabadhi ya makabidhiano kabla ya shilingi moja kutoka. Stakabadhi hiyo itaje heshi ya faili kama lilivyopokelewa baiti kwa baiti, idadi ya mistari, jumla ya fedha, muda wa kupokea, na heshi ya stakabadhi iliyotangulia, kisha itiwe saini kwa ufunguo wa benki. Ninyi mnailinganisha na heshi yenu. Zisipofanana, malipo hayaanzi, na hilo liandikwe kwenye mkataba, kwa sababu mfumo wa benki hauwezi kulazimishwa na barua pepe. Faili la majibu nalo lirudi likiwa limetaja heshi ya faili la asili. Mkiwa na stakabadhi hizo, swali la "lilibadilika likiwa kwa nani" linajibiwa kwa kuangalia saini ya mwisho iliyobeba heshi sahihi.

Sasa niseme jambo dogo ambalo limewaangusha wengi. Heshi haijui maana ya data, inajua baiti tu. Kiasi kilichoandikwa 1500000.00 na kile kilichoandikwa 1,500,000 ni fedha ile ile kwa mhasibu, lakini kwa heshi ni vitu viwili visivyohusiana. Mtumishi akilifungua faili la CSV (maandishi matupu yenye safu zinazotenganishwa kwa koma) kwa Excel ili "aangalie tu" kisha akalihifadhi, akaunti iliyoanza na sifuri hupoteza sifuri yake, namba ya simu ya tarakimu 12 hugeuka 2.55E+11, na akichagua kuhifadhi kwa UTF-8 (mfumo wa kuandika herufi) huongezeka baiti tatu zisizoonekana mwanzoni mwa faili. Mpaka ule mwisho wa mstari hutofautiana kati ya seva ya Windows na ya Linux. Nimeshuhudia mkutano wa saa nzima wa watu wazima wakituhumiana wizi, na kumbe aliyebadilisha faili ni Excel.

Dawa yake ni kuwa na heshi mbili zenye kazi tofauti. Ya kwanza ni ya faili zima kama lilivyo, isiyoruhusu hata nafasi moja kuongezeka, kwa ajili ya makabidhiano. Ya pili ni ya kila mstari baada ya kuwekwa katika umbo moja mlilokubaliana kwa maandishi: mpangilio wa safu, tarakimu za desimali, namna ya kuandika tarehe, herufi kubwa au ndogo. Hiyo ndiyo inayoingia kwenye mti wa Merkle, na itadumu hata benki ikibadilisha mfumo wake. Wanaotumia JSON (muundo mwingine wa kuandika data) wameshaandikiwa kanuni za umbo hilo katika RFC 8785 ya mwaka 2020, hakuna haja ya kubuni nyingine.

Muda nao uandikwe kwa UTC (saa ya kimataifa) popote penye saini, na seva zote zichukue saa kutoka chanzo kimoja cha NTP, itifaki ya kulinganisha saa za kompyuta. Nimeona ripoti ya tukio iliyoandikwa na mlinzi wa zamu "saa 4:10" ikawekwa kando ya logi ya seva ya 04:10, na mtu akahukumiwa kwa saa sita ambazo hakuwepo kazini.

Na kosa likigundulika baada ya fedha kukamilika, lisirekebishwe kwa kutuma faili lile lile "lililosahihishwa". Malipo yaliyokamilika TISS hayatenguliki, na rekodi yake pia isitenguliwe. Lije faili jipya la marekebisho linalotaja heshi ya faili la asili na namba ya mstari husika.

---

Nahodha_wa_Data alijibu:

Kuhusu blokicheni nitasema kwa ufupi. Teknolojia hiyo ina maana pale ambapo wahusika ni wengi, hawaaminiani, na hakuna mmoja wanayemkubali awe mtunza leja. Kisa chako kina pande mbili, kampuni yako na benki moja, na fedha zenyewe hatimaye zinakamilika kwenye vitabu vya Benki Kuu ambako hakuna anayebishana nani ni mtunza leja. Stakabadhi mbili zilizotiwa saini zinakutosha.

Muulize mshauri wenu kuhusu Soko la Hisa la Australia. Mwaka 2017 ASX ilitangaza kwamba itabadilisha mfumo wake wa kukamilisha miamala, CHESS, na kuweka wa leja shirikishi, yaani teknolojia ya aina ya blokicheni. Novemba 2022, baada ya ratiba kuahirishwa mara kadhaa na Accenture kufanya tathmini huru, kazi hiyo ilisimamishwa na takribani dola milioni 250 za Australia zikafutwa vitabuni. Hao walikuwa na fedha na wataalamu kuliko sisi sote humu.

Kama mnataka faida ya leja ya wazi bila mzigo wake, angalieni namna vyeti vya tovuti (vinavyothibitisha tovuti ni ya nani) vinavyosimamiwa kwa Certificate Transparency, RFC 6962 ya mwaka 2013. Ni logi ya kuongeza tu, ina mti wa Merkle, na mtu yeyote wa nje anaweza kudai uthibitisho wa aina mbili: kwamba rekodi fulani imo, na kwamba logi ya leo ni mwendelezo wa ile ya jana bila kufutwa kitu. Programu za wazi za kuendesha logi kama hiyo zipo na zinaendeshwa kwenye seva ya kawaida.

---

WakiliMsomi_DSM alijibu:

Nichangie upande wa sheria, nikianza na Tanzania kwa kuwa muulizaji yuko huku.

Kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 kinakataza ushahidi kukataliwa kwa sababu tu uko katika umbo la kielektroniki. Baada ya hapo mahakama hupima uzito wake kwa kuangalia jinsi rekodi ilivyotengenezwa, kuhifadhiwa au kusafirishwa kwa namna ya kuaminika, jinsi ukamilifu wake ulivyolindwa, na jinsi aliyeitoa alivyotambuliwa. Ukisoma vigezo hivyo utaona kwamba heshi inajibu kile cha ukamilifu, saini inajibu cha utambulisho wa mtoaji, na stakabadhi za makabidhiano alizozieleza MkaguziMvita zinajibu cha usafirishaji.

Kijifungu cha tatu ndicho ninachopenda wateja wangu wakisome mara mbili. Uhalisi wa mfumo wa rekodi hudhaniwa kuwapo, mpaka ithibitishwe vinginevyo, katika hali mbalimbali, na mojawapo ni pale rekodi ilipohifadhiwa na mhusika wa shauri mwenye maslahi yanayopingana na yako. Nyingine ni pale ilipohifadhiwa katika shughuli za kawaida na mtu asiye mhusika wa shauri na asiye chini ya udhibiti wako. Maana yake kwenu ni kwamba mzizi wenu wa kila siku ukiwa umekaa kwenye seva ya benki mnayoweza kugombana nayo kesho, au kwa mkaguzi wa nje, una msimamo bora kisheria kuliko ukiwa kwenye seva yenu wenyewe. Ushauri wa kiufundi uliotolewa hapo juu na sheria vimekutana mahali pamoja.

Kenya wana kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, kinachotaka cheti kilichotiwa saini na mtu mwenye dhamana ya uendeshaji wa kifaa au shughuli husika. Kwa wanaofanya kazi pande zote mbili za mpaka, andaeni kiolezo cha cheti hicho mapema na mjue atakayekitia saini ni nani. Kukitafuta cheti baada ya mfanyakazi husika kuacha kazi ni adha.

Mahakama ya Rufani ya Tanzania imekwisha kueleza, katika mashauri ya jinai, kwamba mnyororo wa utunzaji wa vielelezo ni kumbukumbu za mfululizo zinazoonyesha kukamatwa, kutunzwa, kudhibitiwa, kuhamishwa, kuchunguzwa na hatima ya kielelezo, na imekuwa ikilegeza kamba kwa vitu visivyoweza kubadilika kirahisi mikononi mwa watu. Faili la CSV liko upande wa pili kabisa wa mizani hiyo. Msitegemee huruma. Pia kumbukeni kwamba hakimu hakokotoi heshi. Atasimama shahidi, mtu mwenye jina na cheo, aeleze kwa Kiswahili chepesi faili lilipita wapi na nani alilishika. Mkiwa na heshi nzuri na shahidi asiyeweza kuieleza, wakili wa upande wa pili atafurahi.

Tahadhari yangu ya mwisho ni kwa Funguo_Mbili. Mistari ya faili ina majina, akaunti na namba za simu, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 hizo ni taarifa ambazo mwenyewe anaweza kudai zirekebishwe au zifutwe. Je, heshi zilizosambazwa kwa watu wa nje hazitakuwa zimevujisha kitu?

---

Funguo_Mbili alijibu:

Wakili msomi, swali lako ni zuri na jibu lake ni kwamba zinaweza kuvujisha kama hazikuandaliwa vizuri. Namba za simu za Tanzania zinazoanza na 06 na 07, hata zote zingetumika, hazizidi milioni 200. Kompyuta ya mezani itazipiga heshi zote kwa muda mfupi sana, kisha kazi inayobaki ni kutafuta inayofanana. Kwa hiyo heshi ya namba ya simu peke yake haifichi chochote. Kila mstari unapaswa kuongezewa namba ya bahati nasibu ya angalau biti 128, tofauti kwa kila mstari, inayokaa kwenye kampuni tu pamoja na mstari wenyewe. Siku taarifa inapopaswa kufutwa, mstari na namba hiyo vinafutwa, na heshi inayobaki kwenye mti haiwezi tena kumrudia mtu. Mzizi unabaki vile vile, na mnyororo haukatiki.

---

Mlipaji_DSM aliandika:

Nashukuru sana, Wakuu. Jambo la folda ya kutoka limenigusa, maana ndivyo ilivyo kwetu neno kwa neno. Nina maswali mawili yaliyobaki. Ufunguo wa saini ukae wapi na uwe wa nani, wa kampuni au wa mwidhinishaji binafsi? Na vyeti vya saini, vinavyothibitisha ufunguo ni wa nani, huisha muda baada ya mwaka mmoja au miwili, ilhali rekodi zetu tunazitunza kwa miaka mingi; saini ya cheti kilichokufa itathibitishwaje?

---

Funguo_Mbili alijibu:

Kuhusu ufunguo, ziwepo saini mbili za ngazi tofauti. Waidhinishaji wawe na funguo zao binafsi, kila mmoja kwenye kifaa chake asichoweza kukiazimisha bila kukosa kuingia kazini, kwa sababu saini zao zinajibu swali la nani aliidhinisha. Ufunguo wa kampuni ukae kwenye kifaa maalumu cha kutunzia funguo kilichopimwa kwa kiwango cha usalama cha serikali ya Marekani, FIPS 140, usitoke humo kamwe, na kifaa kikatae kusaini mpaka kione saini zote mbili za waidhinishaji. Anayesimamia kanzidata asiwe na ruhusa yoyote kwenye kifaa hicho, na anayesimamia kifaa asiwe na ruhusa ya kuandika kwenye kanzidata. Kampuni ikiwa ndogo watu hawa huwa ni mmoja, na hapo sina dawa ya kiteknolojia: mpeni mkaguzi wa ndani au mhasibu mkuu sehemu ya pili ya nywila.

Mkumbuke mipaka ya jambo lenyewe. Saini inathibitisha kwamba ufunguo fulani ulitumika juu ya baiti fulani. Mwidhinishaji akidanganywa akaidhinisha kiasi kibovu, mtakuwa na rekodi kamilifu ya kosa. Bado ni faida, kwa sababu mtajua lilianzia wapi.

Kuhusu vyeti kuisha muda, hapa ndipo muhuri wa muda unapolipa. Saini ikishapigwa muhuri na mtoa huduma huru wakati cheti kikiwa hai, kinachothibitishwa baadaye ni kwamba saini ilikuwapo kabla cheti hakijaisha au hakijafutwa. Hifadhini pamoja na saini mlolongo mzima wa vyeti na taarifa ya hali ya cheti (kama kilikuwa hai au kimefutwa) kama ilivyokuwa siku ile, kwa sababu miaka sita baadaye seva iliyokuwa ikijibu swali hilo yaweza kuwa haipo. Msidhani kampuni za vyeti ni za milele. DigiNotar ya Uholanzi ilivamiwa mwaka 2011, vyeti vya uongo vikatolewa kwa jina lake, na mwaka huo huo ikafilisika.

Mihuri yenyewe nayo huzeeka. SHA-1, kanuni ya heshi iliyotangulia SHA-256 na iliyokuwa ikiaminiwa kila mahali, ilivunjwa hadharani Februari 2017, pale watafiti wa taasisi ya utafiti ya CWI ya Amsterdam na Google walipotoa mafaili mawili ya PDF yenye maudhui tofauti na heshi moja. Kwa hiyo kabla algorithimu haijadhoofika kabisa, rekodi za zamani pamoja na mihuri yake hufungwa upya kwa heshi na muhuri mpya. Utaratibu huo umeandikwa katika RFC 4998 ya mwaka 2007. Agosti 2024 NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, ilitoa viwango vya kwanza vya saini zinazokusudiwa kuhimili kompyuta za kwanta, FIPS 204 na 205. Sioni sababu ya ninyi kukimbilia huko leo, lakini kwenye kila rekodi wekeni sehemu inayotaja algorithimu iliyotumika. Mifumo isiyo na sehemu hiyo ndiyo inayoteseka wakati wa kuhama.

---

MkaguziMvita alijibu:

Nikiongezea kwa Mlipaji, kwa kuwa najua menejimenti itauliza waanze na lipi. Anzeni na stakabadhi ya benki, kwa sababu haihitaji kifaa chochote kipya upande wenu na ndiyo iliyokosekana katika mgogoro wenu. Mzizi wa siku ufuate, hata kama mwanzoni utapelekwa kwa mkaguzi wa nje kwa barua pepe iliyotiwa saini. Vifaa vya funguo vije baada ya hapo, maana ununuzi wake huchukua muda.

Kabla ya kumwambia yeyote kwamba mfumo umekamilika, fanyeni jaribio moja. Mchague mtu ambaye hakuujenga, mumpe mstari mmoja wa malipo wa miezi mingi nyuma, na mumnyime ruhusa ya kuingia kwenye kanzidata yenu. Kwa kutumia stakabadhi za benki, mzizi ulioko kwa mkaguzi na hati ya umbo la mstari mliyoikubali, aweze kuonyesha kwamba kiasi kile ndicho kilichoidhinishwa, ndicho kilichopokelewa, na ni saa ngapi. Akikwama, andikeni alipokwama, na jaribio lirudiwe na mtu mwingine baada ya kurekebisha. Mimi kwenye ukaguzi hudai lifanyike nikiwa nimekaa hapo hapo, na kwa kawaida hukwama kwenye hati ya umbo la mstari, kwa kuwa ilikuwa kichwani mwa fundi mmoja na haikuwahi kuandikwa.

---

Mlipaji_DSM aliandika:

Nimeelewa. Nimekwisha kuandika rasimu ya kifungu cha stakabadhi kwa ajili ya mkataba na benki, chenye sharti kwamba malipo hayaanzi heshi zisipofanana, na hati ya umbo la mstari nimewapa wawili waiandike kila mmoja peke yake ili tuone kama watapata heshi moja kwa faili la jana. Wakili, nikiruhusiwa nitaiweka rasimu hiyo hapa, bila majina, uipitie kabla haijaenda kwao.